Nani Aliyemgeuza Babu Kuwa Shetani?

Miaka michache iliyopita nilimtuma mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Manyatta kule Embu, akakusanye msamiati wa Kiembu kutoka kwa wazee wa kwao. Nilimwagiza atilie mkazo maneno ya mazishi, ya kurithishana majina na ya matambiko, kwa sababu msamiati wa aina hiyo ndio unaotangulia kufa. Alirudi na sauti ya babu yake aliyoinasa kwa simu. Nilikaa ofisini nikaisikiliza. Mzee alizungumza vizuri, kwa utaratibu, kama mtu aliyengoja miaka mingi aulizwe. Dakika ya kumi na moja mjukuu akamwuliza wazee walifanya nini kabla ya kuonja pombe ya muratina. Mzee akajibu kwamba walitangulia kumwaga kidogo chini, iwe sehemu ya ngoma. Hapo sauti ikakatika.

Nilidhani simu iliishiwa na umeme. "La, Mwalimu," kijana alinijibu kwa adabu. "Niliizima mwenyewe. Babu alianza kuzungumza habari za shetani, nami nimeokoka."

Sikumkemea, wala sikuona sababu ya kumkemea. Katika lugha anayoisikia kanisani, sokoni na katika matatu, ngoma ni shetani. Babu naye hakukosea, kwani katika Kiembu alichofundishwa na baba yake, ngoma ni roho za jamaa waliofariki: baba, nyanya, wazee wa ukoo, watu wenye majina yao na wenye haki ya kukumbukwa. Basi watu wawili wa nyumba moja walikuwa wakitamka neno moja, mmoja akimkumbuka baba yake na mwingine akimwona Ibilisi. Kisa hiki hakijanitoka akilini, nami naomba radhi kwa msomaji nikitumia nafasi ya leo kueleza jinsi neno linavyoweza kusafiri umbali huo katika maisha ya watu watatu tu.

Nianze na neno lenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili anaposikia ngoma hufikiria chombo kinachopigwa, au mchezo unaochezwa kwa chombo hicho. Wako waliowahi kuniambia kwamba wamishonari waliziita roho za wafu kwa jina hilo kwa sababu zilikuwa zikipigiwa ngoma. Maelezo hayo yanapendeza lakini ni ya uongo. Haya ni maneno mawili tofauti yaliyokutana kwa sauti tu. Ushahidi uko jirani, ng'ambo ya pili ya Mlima Kenya, kwa ndugu zetu Wameru. Wao hawasemi ngoma, husema nkoma. Mtu anayezijua lugha hizi mbili anafahamu kanuni iliyopo: mahali ambapo Kimeru huweka nk, Kigikuyu na Kiembu huweka ng. Ugali kwa Mmeru ni nkima, kwa Mgikuyu ni ngima. Lakini chui, ambaye sauti yake ya asili ilikuwa ng tangu mwanzo, ni ngari kwa wote. Kwa hiyo Kimeru kimetuhifadhia jambo ambalo lugha nyingine zimelificha, nalo ni kwamba shina la neno letu halianzi kwa g bali kwa k. Ni koma.

Shina hilo halikosi jamaa. Nenda pwani, kwa Wagiriama na Wamijikenda wengine, utaambiwa kwamba koma ni roho ya marehemu. Vile vigango vya mbao vinavyochongwa kwa ustadi husimamishwa kwa ajili ya koma za wazee wa chama cha Gohu. Kiswahili cha zamani nacho kililijua neno koma kwa maana ya mzimu wa mfu, ingawa leo ukimwambia mwanafunzi "koma" atadhani unamwambia aache kelele. Wagikuyu wana kitenzi koma, yaani kulala, na wengi hulihusisha jina na kitenzi hicho: ngoma ni waliolala.

Hapa niseme neno la tahadhari. Katika jimbo hilohilo la Manyatta kuna mji wa soko uitwao Kianjokoma, na kila ninapolieleza jambo hili darasani mwanafunzi mmoja huinua mkono kwa furaha kuniambia kwamba amegundua koma katika jina la mji. Kufanana kwa sauti si ushahidi. Neno halikatwi kama muwa, pale meno yanapofika. Hukatwa kwenye viungo vyake, na viungo hivyo lazima vithibitishwe kwa maneno mengine ya lugha ileile.

Jina Manyatta lenyewe si la Kiembu. Ni la Kimaasai, na kwa Wamaasai lilihusu hasa boma la morani. Hata Ngai, jina la Mungu walilolitumia Waembu, Wagikuyu na Wakamba tangu kabla mishonari wa kwanza hajafika, lina asili ya Kimaa. Basi fikiria hali ya Mwembu wa leo. Anaishi mahali penye jina la Kimaasai, anamwomba Mungu kwa jina la Kimaasai, anamkemea shetani kwa jina lililotoka Bara Arabu, na neno lililokuwa lake tangu kale, lililowataja wazee wake, ndilo aliloligeuza kuwa tusi.

Lilianza lini kugeuka? Wamishonari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo chao Kigari mwaka wa 1910. Waliotaka kusoma walisoma kwa Kigikuyu, na kwa miaka mingi Waembu walisikia Injili kwa lugha hiyo ya jirani. Agano Jipya la Kigikuyu lilitoka mwaka wa 1926. Mtafsiri yeyote wa kitabu kile hukabiliwa na swali gumu: yule adui wa Mungu aitweje? Kwa haki, watafsiri wa Kigikuyu walikuwa na jibu zuri. Walichukua kitenzi cuka, yaani kuchongea au kusingizia, wakaunda jina Mũcukani, mchongezi. Nitaonyesha baadaye kwamba tafsiri hiyo ni sahihi kiasi cha kustaajabisha. Pia walilikaribisha jina Caitani kutoka Kiswahili. Hapakuwa na haja ya kuzigusa ngoma.

Lakini lugha haiongozwi na kitabu peke yake. Huongozwa na mahubiri, nyimbo na magomvi ya kijijini. Mara nyingi tumezoea kumlaumu Mzungu peke yake, nami naona tunamtwisha mzigo mkubwa kuliko haki yake. Wale athomi, yaani wasomaji wa kwanza, walikuwa vijana wa nyumba hizihizi. Walihitaji mpaka ulio wazi kati yao na baba zao, na mpaka ule ukawa ni kijiko cha pombe kilichomwagwa chini. Baba alimwaga, mwana alikataa. Alipoulizwa kwa nini anakataa ilimbidi atoe sababu iliyo kubwa kuliko baba, naye akaipata: hicho unachokilisha ni Shetani. Baada ya kizazi kimoja sababu ikawa maana ya neno.

Wala nisidanganye kwamba ngoma zilikuwa malaika. Ziliogopwa. Zikisahauliwa zilileta maradhi nyumbani, na ziliweza kumsumbua mjukuu kwa kosa la babu. Lakini kuogopwa si kuwa mwovu. Hata baba mzazi aliogopwa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka wa 1938, alipambanua kwa makini kati ya kumwabudu Ngai na kushirikiana na wazee waliotangulia, akazigawa ngoma katika makundi ya wazazi, ya ukoo na ya rika. Profesa John Mbiti, Mkamba aliyefariki mwaka wa 2019, aliandika mwaka wa 1969 kwamba hao ni wafu walio hai, yaani watu wa nyumbani ambao bado wanakumbukwa kwa majina, na akaonya kwamba kuwaita wanaoabudiwa ni kutoielewa familia ya Kiafrika. Kwao Ukambani neno ni aimu, nalo limepatwa na msiba uleule. Waumini wengi wa leo wakisikia aimu husikia mapepo.

Msomaji atauliza kama jambo hili ni letu sisi tu. Hata kidogo. Kitabu kilekile tunachokitumia kuwalaani jirani zetu kimejaa majina yaliyopatikana kwa njia hiyohiyo.

Mchukue Beelzebuli, anayeitwa mkuu wa pepo katika Injili. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya kwanza, anatajwa Baal-zebubu, mungu wa mji wa Ekroni wa Wafilisti. Mfalme Ahazia wa Israeli, baada ya kuanguka kutoka dirishani, alituma watu wakamwulize kama atapona. Zebubu kwa Kiebrania ni nzi, na wataalamu wengi wanaona kwamba hilo lilikuwa ni jina la dhihaka: watu wa Ekroni walimwita mungu wao Baal-zebul, Bwana Mtukufu, na jirani zao wakampotosha kwa herufi moja akawa Bwana wa Nzi. Mungu wa jirani alianza kwa kuchekwa, akaishia kuwa mkuu wa mashetani. Nasaba yake na ile ya ngoma za Embu ni moja.

Shetani mwenyewe ana historia ya kustaajabisha zaidi. Satan kwa Kiebrania cha kale halikuwa jina la mtu. Lilikuwa nomino ya kawaida yenye maana ya mpinzani, mtu anayekuzuia njiani. Wakuu wa Wafilisti walihofu Daudi asije akawageukia vitani akawa satan wao, na habari hiyo iko katika Samweli wa Kwanza, sura ya 29. Hadadi Mwedomi aliinuliwa awe satan wa Sulemani. Hata malaika wa Bwana, aliyesimama njiani kumzuia Balaamu na punda wake, aliitwa kwa neno hilohilo, na huyo alikuwa ametumwa na Mungu! Watafsiri wa Kiswahili, kwa busara, waliandika adui na maneno ya aina hiyo mahali hapo, kwa hiyo msomaji wetu hawezi kuona kwamba neno ni moja. Katika kitabu cha Ayubu anaonekana akiwa na kazi maalumu katika baraza la mbinguni, kazi inayofanana na ile ya kiongozi wa mashtaka mahakamani. Anashuku, anashtaki, anaomba ruhusa ya kujaribu, na bila ruhusa hafanyi kitu.

Mahali panaponivutia zaidi ni habari za Daudi kuwahesabu watu. Samweli wa Pili, sura ya 24, husimulia kwamba hasira ya Bwana ndiyo iliyomchochea Daudi afanye sensa. Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 21, kitabu kilichoandikwa baadaye, kinasimulia kisa kilekile, lakini sasa mchochezi ni Shetani. Kati ya vitabu hivi viwili neno limepanda cheo. Nomino ya kawaida imekuwa jina la pekee, na mzigo uliokuwa juu ya Mungu umehamishiwa kwa mwingine.

Wayahudi walipoanza kutafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, walihitaji neno la Kigiriki kwa satan wa Ayubu. Walichagua diabolos. Kitenzi chake kina maana ya kurusha kitu katikati, na kwa hiyo kufarakanisha watu kwa maneno. Diabolos ni mchongezi. Sasa msomaji ataona kwa nini nilimsifu mtafsiri wa Kigikuyu: Mũcukani wake ni diabolos barabara. Neno hilo la Kigiriki limezaa devil ya Waingereza, diable ya Wafaransa na diabo ya Wareno. Wataalamu wengi wa nasaba za maneno wanaamini kwamba ndilo lililozaa pia Iblis ya Waarabu, ingawa wanasarufi wa Kiarabu wenyewe tangu zamani walipendelea kulihusisha na kitenzi ablasa, kukata tamaa, kwa kuwa Iblis ni yule aliyekata tamaa ya rehema ya Mwenyezi Mungu baada ya kukataa kumsujudia Adamu. Ikiwa wale wa kwanza wamesema kweli, basi Ibilisi wa Kiswahili na devil wa Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba tofauti. Biblia yetu ya Union ya mwaka wa 1952 inawatumia wote wawili, Ibilisi na Shetani, na wote wawili waliingia Kiswahili kwa mlango wa Uislamu, karne nyingi kabla ya Krapf kutua Mombasa mwaka wa 1844. Hili ni jambo la kukumbukwa na wale wahubiri wanaopenda kusema kwamba dini hizi mbili hazikopeshani kitu.

Lusifa sitamkalia sana, maana ni kosa la kusoma. Nabii Isaya, sura ya 14, alimdhihaki mfalme wa Babeli kwa kumfananisha na nyota ya alfajiri iliyoanguka. Jerome alipotafsiri kwa Kilatini, mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, aliandika lucifer, mleta nuru, jina la kawaida la nyota hiyo. Walimu wa kanisa wa karne za mwanzo, akiwemo Origen, walikuwa wameshaanza kuona katika aya hizo anguko la Shetani, na kwa hiyo jina la nyota likamwangukia yeye. Kabla ya hapo halikuwa na aibu yoyote. Katika karne ya 4 kulikuwa na askofu wa Cagliari, kisiwani Sardinia, aliyeitwa Lucifer, na hakuna aliyemkimbia. Biblia ya Kiswahili husema nyota ya alfajiri, na mtu aliyeisoma hiyo peke yake hatakutana na Lusifa popote. Huyo tuliletewa na Kiingereza.

Turudi nyumbani, kwa maana Kiswahili nacho kina mambo yake. Chukua neno pepo. Mapepo hukemewa, hupungwa, hufukuzwa kwa kelele hadi usiku wa manane. Lakini mtu mwema akifa tunamwombea aingie peponi! Neno ni moja. Shina lake linahusu upepo na kupepea, kitu kisichoonekana ila kwa kazi yake, nalo halikuwa na wema wala uovu hadi lilipowekwa katika sentensi. Waarabu nao wana jambo linalofanana na hili: jini na Janna, bustani ya neema, yametoka katika mzizi mmoja wenye maana ya kufunika au kusitiri. Au chukua mzimu. Shina lake limeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na Waganda husema omuzimu kwa roho ya marehemu. Katika Kiswahili limezaa kuzimu, makao ya wafu. Limezaa wazimu, ugonjwa wa akili. Limezaa zimwi, lile dude la hadithi ambalo wahenga walisema likikujua halikuli likakwisha. Marehemu, maradhi na dubwana wote wamo katika shina moja, nasi tunashangaa kwamba watoto huogopa makaburi.

Hata shetani wa pwani si yule wa mimbari ya bara. Unguja na Pemba mashetani ni wengi, wana makabila yao na tabia zao, humpanda mtu, hudai zawadi na huchezewa ngoma. Watu hupatana nao kama mtu anavyopatana na mpangaji mkorofi. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake Mashetani, iliyochapishwa mwaka wa 1971, alilijua vizuri shamba hilo la maana, akalilima kwa ajili ya siasa. Wachongaji wa Kimakonde nao tangu miaka ya 1950 wamezipa jina la shetani sanamu zao za viumbe vya ajabu ajabu, na watalii huzinunua bila hofu. Ngũgĩ wa Thiong'o alipolipeleka neno hilo Ugikuyu katika Caitaani Mũtharaba-inĩ, mwaka wa 1980, shetani wake alikuwa amevaa suti na ana akaunti ya benki.

Ili msomaji asidhani kwamba safari huwa ya kushuka tu, nitaje mfano wa Uganda. Okot p'Bitek ameeleza jinsi mapadre wa Kiitalia, mwaka wa 1911, walivyowauliza wazee wa Acholi ni nani aliyewaumba. Lugha ile haikuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana ile ya mapadre, kwa hiyo swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga. Wazee wakajibu Rubanga, kwa kuwa waliyemjua kwa kazi ya kufinyanga watu ni yule anayewapinda mgongo wakapata kibiongo. Mapadre wakaandika jina, na mleta kibiongo akawa Mungu Muumba. Huko Rubanga alipanda, huku ngoma zikashuka. Kilichoamua hakikuwa tabia yao bali ni swali lililoulizwa siku hiyo na aliyeshika kalamu.

Siku hizi shetani amepata kazi nyingine, ya kuwa wakili wa utetezi. Soma habari za mahakamani katika gazeti hili au jingine: mshtakiwa aliyeiba, aliyelewa, aliyempiga mkewe, husimama kizimbani akasema ni shetani tu, Mheshimiwa, alinipitia. Kiongozi wa mashtaka wa kitabu cha Ayubu angecheka kusikia hayo. Na katika mazungumzo ya kila siku jina lenyewe limefungwa ndani ya msemo mmoja, "Ashindwe!", unaotamkwa hata mtu anapoona bei ya sukari.

Lau mambo yangeishia kwenye bei ya sukari nisingeandika makala haya. Lakini Oktoba 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza habari za kuabudu shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti iliwekwa wazi mwaka wa 1999, na shule zilikuwa miongoni mwa mahali palipotajwa. Walimu wa miaka ile wanakumbuka hofu iliyotanda mabwenini. Mwanafunzi aliyezirai alikuwa na majini, mgeni aliyevaa pete ya ajabu alikuwa anasajili watoto. Neno lilikuwa limekua hata likameza kila kitu kisichoeleweka. Kule Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya mvi na upweke. Na kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Mahubiri yaliyohusishwa na kundi lile yalikuwa yameziweka shule na hospitali upande wa shetani, na kuna wazazi waliowatoa watoto wao darasani kwa sababu hiyo. Jina lililoanza kwa ngoma za babu lilikuwa limemfikia mwalimu wa hesabu.

Ndiyo maana naona kwamba jambo hili ni la darasani. Simtaki mwalimu afundishe kwamba Shetani hayupo. Hiyo si kazi ya isimu, nami si mtu wa kuuingilia ubishi huo. Namtaka amwambie mwanafunzi neno limetoka wapi, limepitia kwa nani, na nani alifaidika lilipogeuka. Mtoto anayejua kwamba Baal-zebubu alikuwa mungu wa jirani atasita kidogo kabla ya kumwita jirani yake shetani. Anaweza kuendelea kumkataa mungu huyo. Asite tu.

Nilimweleza mwanafunzi wangu mengi ya haya, si kwa siku moja. Alirudi Manyatta likizo iliyofuata, na babu akakubali kuanza upya, kwa sharti kwamba simu isizimwe hadi yeye mwenyewe aseme amechoka. Safari hii tulipata saa moja na nusu. Tumepata majina ya wafu wa nyumba ile hadi kizazi cha tano, na maneno zaidi ya thelathini ambayo sijayaona katika kamusi yoyote.

Sasa tunaandaa orodha ya msamiati, na tumekwama kwenye kidahizo hichohicho. Mimi nimeandika maana ya kwanza ya ngoma kuwa ni roho za jamaa waliofariki, na ya pili, yenye alama ya matumizi ya kidini ya siku hizi, kuwa ni shetani. Mwanafunzi anapinga. Anasema kamusi huandika lugha jinsi inavyosemwa, na kwamba akiwauliza vijana mia moja wa Kianjokoma wote watamtajia maana ya pili kwanza. Ananikumbusha kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kanuni hiyo katika mwaka wake wa pili. Nimemjibu kwamba babu yake bado yu hai na bado analisema neno kwa maana yake, kwa hiyo haiwezi kuitwa ya kale. Kadi iko mezani kwangu hadi leo, maana zote mbili zimeandikwa kwa penseli, bila nambari.